Wakili wa nyumba ana mabosi wawili, na wewe ni mmoja wao tu

Mtu wetu hapa England akishapata ahadi ya mogeji, yaani mkopo wa nyumba, suala la wakili hulimaliza haraka sana: anampigia yule aliyemshughulikia viza. Anamjua, wanaongea Kiswahili, na kwenye ada wataelewana. Sipendi kumgombanisha mtu na wakili wake, lakini kwa kazi hii mara nyingi huyo hafai, hata kama sheria anaijua vizuri. Benki haimtambui.

Kila benki inayokopesha kwa nyumba ina orodha yake ya makampuni ya mawakili, wenyewe wanaiita paneli. Kampuni isiyokuwemo haipokei hela za mkopo wala haiwezi kuithibitishia benki kwamba hati ya nyumba ni safi. Benki nyingi zinataka kampuni yenye wabia wawili au zaidi, na kwa upande wa masolisita, aina moja ya mawakili wa hapa, zinataka iwe na CQS, ithibati ya chama chao, Law Society, kwa wanaofanya kazi za nyumba. Ofisi ya mtu mmoja inayoshika faili chache za nyumba kwa mwaka, huku kazi yake hasa ni uhamiaji, iko hatarini kukatwa kabla ya wengine. Na hata wakubwa hukatwa. Januari 2012 HSBC ilibana paneli yake hadi makampuni 43 kwa nchi nzima, na mawakili walipiga kelele sana.

Unaweza kumng'ang'ania wako. Benki ikikubali, itaweka wakili wake pembeni, nawe utalipa bili mbili na kusubiri watu wawili wajibizane kwa barua. Kwangu hiyo ni hasara tupu.

Kwa hiyo kabla hujalipa hata senti ya kufungua faili, uliza kwa maandishi: mko kwenye paneli ya benki fulani, leo? Taja jina kamili lililo kwenye barua ya mkopo, maana kundi moja la benki linaweza kukopesha kwa majina kadhaa. Dalali wako wa mkopo naye aangalie upande wake. Ukibadilisha benki katikati ya safari kwa sababu umepata riba nafuu, uliza upya.

Hayo ni ya mlangoni tu. Kuwemo kwenye paneli hakumaanishi kwamba wakili ni hodari, kunamaanisha benki imeridhika naye. Jambo ambalo watu hawaambiwi vya kutosha ni kwamba wakili huyo mmoja anakutumikia wewe na benki kwa wakati mmoja. Kwa upande wa benki ana kitabu cha masharti cha UK Finance, umoja wa mabenki na wakopeshaji, na kinamtaka aripoti mambo mengi. Muuzaji ameimiliki nyumba kwa chini ya miezi sita? Anaripoti. Mmekubaliana chini chini kwamba muuzaji atakurudishia pauni elfu tatu za kutengeneza paa? Anaripoti, kwa sababu hiyo si tena bei iliyoandikwa. Ukimkatalia asiseme, hatatoboa siri yako, ila atalazimika kuacha kuiwakilisha benki, na benki haihitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

Wapo wanaoita huo usaliti. Mimi naona ni mpango wa haki ilimradi uujue tangu mwanzo, kwa sababu karibu kila kitu benki inachokitaka nawe unakitaka: hati safi, njia ya kuingilia isiyo na ugomvi, na kwa fleti za lizi, yaani zile unazomiliki kwa miaka maalumu tu, miaka ya kutosha iliyobaki. Mnaachana kwenye mambo ya maisha. Benki haitakosa usingizi kwa sababu lizi inakataza kufuga paka, au kwa sababu kiwanja cha jirani kimeombewa kibali cha ghorofa. Hayo uulize wewe, kwa barua pepe, kabla ya kubadilishana mikataba. Hadi hapo kila upande unaweza kujitoa. Baada ya hapo ukijitoa umeiacha dipoziti, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10 ya bei.

Sasa hela zenyewe, maana hapa ndipo watu wetu wanapokwama. Sheria ya kudhibiti utakatishaji fedha inamtaka wakili ajue dipoziti imetoka wapi, naye atasoma taarifa zako za benki mstari kwa mstari. Chukua upatu. Wewe unaona kawaida: mko kumi, kila mwezi mnatoa pauni 300, na zamu yako ikifika unapokea. Yeye anaona watu tisa wenye majina tofauti wamekutumia kiasi kile kile ndani ya siku mbili, na sehemu ya maelezo mmoja ameandika “mambo yetu”, mwingine ameweka picha ya keki. Usisubiri aulize. Andika ukurasa mmoja: upatu ni nini, nani mko ndani, ulianza lini. Ambatanisha miamala inayoonyesha wewe nawe ulivyokuwa unatoa kila mwezi. Kinachomtuliza ni hizo hela zilizotoka kwako, si maelezo matamu.

Hela ya mzazi kutoka nyumbani ina mlolongo wake. Itatakiwa barua ya zawadi inayosema si mkopo na kwamba mtoaji hadai sehemu yoyote ya nyumba, kitambulisho chake, na ushahidi wa alikoipata. Mzee akiwa aliuza shamba, mkataba wa mauzo utafutwe mapema, usije ukawa uko kwenye sanduku la shangazi na ufunguo kasafiri nao. Kenya iliingizwa Februari 2024 kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, yaani nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, na hela ya kutoka huko ikaanza kuulizwa maswali mazito zaidi. Tanzania ilikuwemo tangu Oktoba 2022, ikatolewa Juni 2025. Si wakili kukuchukia, ni kazi yake. Na wakopeshaji wengine hawakubali zawadi ya kutoka nje ya nchi kabisa, kwa hiyo jambo hili liwekwe mezani siku unaomba mkopo.

Kuhusu bei nitasema machache. Tangu Desemba 2018 masolisita wanatakiwa kutangaza ada za kazi hii kwenye tovuti zao. Ile bei ya kuvutia ya juu isome hadi chini, uone wanavyoongeza kwa lizi, kwa barua ya zawadi, kwa kutuma hela. Dalali wa nyumba akikusukumia wakili “wetu”, muulize analipwa kiasi gani kwa kumleta mteja. Anapaswa kukuambia, na hujafungwa kumchukua.

Ningelipa zaidi kidogo kwa ofisi inayonitajia jina la mtu atakayeshika faili langu na anayepokea simu yake. Ukishampata, mrahisishie: jibu fomu siku hiyo hiyo, kusanya maswali yako yaende kwa barua pepe moja kwa wiki badala ya vijumbe saa zote.

Siku ya kutuma dipoziti uwe na roho ngumu. Wezi huingia kwenye barua pepe na kukutumia “akaunti yetu mpya”, mara nyingi Ijumaa mchana watu wakiwa na haraka. Namba ya akaunti ihakikishe kwa simu, kwa namba uliyopewa kwenye barua ya kwanza kabisa, si ile iliyo kwenye ujumbe ulioingia leo. Tuma pauni moja, subiri wakuambie imefika, ndipo utume iliyobaki.