Fomu Ile Ilimuuliza Mtoto wa Miaka 15

Jumapili mbili zilizopita, jioni, kijana mmoja alibisha hodi kwangu Chang'ombe, hapa Dodoma, akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Nilimfundisha tangu Kidato cha Kwanza. Alisema, "Shikamoo mwalimu," akakaa ukingoni mwa kochi, kisha akatoa fomu aliyoichapisha stashenari pale Jamatini. Shule moja binafsi ilikuwa imemfanyia usaili wa kazi ya ualimu, ikampenda, ikamtumia fomu ya mwisho ajaze. Kila kitu kilijazwa kwa mwandiko wake ule mzuri, isipokuwa mstari mmoja: "Je, umewahi kukamatwa au kushtakiwa kwa kosa lolote? Kama ndiyo, eleza."

"Niandike nini, mwalimu?"

Nikamwambia aandike ukweli. Akaandika. Jumatano akapigiwa simu, akaambiwa kazi hapati, maana wazazi wakijua watahamisha watoto. Tangu siku hiyo silali vizuri, maana aliyemshauri ni mimi.

Alipokamatwa alikuwa na miaka 15, Kidato cha Pili. Mvua zilikataa mwaka ule, mtama wa mama yake kule Bahi ukakaukia shambani, na yeye akawa anauza maji stendi baada ya masomo. Huko akazoeana na vijana waliomzidi umri. Siku moja wakampa simu mbili awahifadhie, naye akazihifadhi akijua fika si zao. Hilo hakunificha, wala mimi silifichi. Polisi walimkuta nazo. Alilala kituoni siku mbili, akafikishwa mahakamani, mama yake kakaa kwenye benchi kajiziba mdomo kwa kanga. Afisa ustawi wa jamii akaeleza hali ya nyumbani, na mwisho akaachiwa awe chini ya uangalizi. Shuleni wapo walimu waliotaka afukuzwe. Nilisimama ofisini siku ile nikamwombea, na sijawahi kujuta.

Sasa nisikilizeni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekataa mtoto kuhukumiwa kifungo. Imeweka Mahakama ya Watoto, ikaagiza shauri lisikilizwe faragha, afisa ustawi wa jamii awepo, mtoto awe na haki ya kuwa na ndugu na wakili. Kwa anayehitaji zaidi ipo Shule ya Maadilisho Irambo, Mbeya, na jina lake lenyewe ni shule. Kwa nini waliotunga sheria walihangaika hivyo na faragha? Kwa sababu walitaka mtoto akitoka pale akaishi. Lakini kile ambacho sheria ilikifungia chumbani akiwa na miaka 15, fomu ya kazi inamtaka akitoe sebuleni akiwa na miaka 24, mbele ya watu ambao hawakuwepo, hawakumwona akilia, wala hawakumwona akirudi darasani.

Tena fomu inauliza kukamatwa. Katiba, ibara ya 13, inakataza hata aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitishwa.

Linaloniuma kuliko yote ni hili. Kijana huyu amehitimu ualimu na amejitolea miaka miwili kufundisha hisabati na fizikia katika shule ya kata huko huko kwao. Nauli analipwa kwa michango ya wazazi, ikipatikana. Amekabidhiwa funguo za maabara. Anabaki na wanafunzi mpaka jua linazama. Katika miaka hiyo yote hakuna hata mtu mmoja aliyemuuliza kama amewahi kukamatwa. Alipokuwa anafundisha bure uaminifu wake ulitosha. Ulipotajwa mshahara, ukawa hautoshi. Kama kweli ni hatari kwa watoto, ilikuwaje watoto wa wakulima wa Bahi wakaachwa naye miaka miwili? Na kama kwao si hatari, hao wanaolipiwa ada wameumbwa kwa udongo gani?

Mwaka jana mwanafunzi wake mmoja alianza kupotea siku za mnada. Walimu wengine waliandika "mtoro" kwenye daftari la mahudhurio wakaendelea na kazi. Yeye alimfuata mnadani, akakaa naye chini ya mbuyu, hakumchapa, hakumfokea, akamuuliza tu ni nani anayemtuma na anampa shilingi ngapi. Mtoto alirudi. Mimi nimefundisha miaka 19 na nakiri kwamba swali lile nisingelijua. Yeye alilijua kwa sababu aliwahi kuwa mtoto yule.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba shule ina haki ya kuuliza. Aliyewahi kumdhuru mtoto kingono asikaribie darasa, na hapo sina mjadala. Aliyeiba akiwa mtu mzima naye ajieleze. Lakini hayo hayafanani na simu mbili za mtoto mwenye njaa.

Wenzake sasa wanamwambia, "Ungeandika hapana tu, nani angejua?" Nimekosa la kuwajibu. Fomu ile ingempokea mwongo kwa mikono miwili, ikamfukuza aliyesema kweli, halafu tunataka anayepita hapo akawafundishe watoto wetu uadilifu. Nilimwambia aseme kweli kwa sababu ndivyo nilivyomfundisha darasani, na sitaki kuishi katika nchi ambayo mwalimu analazimika kumwambia mwanafunzi wake vinginevyo.

Wakuu wa shule mnaonifahamu hapa Dodoma, nawaomba kwa heshima zote: swali hilo lianzie miaka 18. Liulize kutiwa hatiani, liache kukamatwa. Na mtu akijibu ndiyo, mwiteni mkae naye uso kwa uso kabla hamjashika simu.

Juzi nimemwandikia barua nyingine ya udhamini, kurasa mbili, nikaeleza yote ninayoyajua, simu mbili zikiwemo, na namba yangu nimeiweka chini. Bado hajaja kuichukua. Alinitumia ujumbe kwamba Kidato cha Nne hawajamaliza mada ya mawimbi na mtihani umekaribia, atapita Jumamosi.