Katsuyori alikosea Nagashino, ila huo ujinga mnaombandika sio wake

Kila vikitajwa vita vya Nagashino vya 1575 kule Japani hadithi ni ileile, Takeda Katsuyori kaachiwa jeshi zuri na baba yake Shingen halafu kawatupa wapanda farasi wake kwenye mitutu ya bunduki za adui yake Oda Nobunaga, wakapukutika, basi. Mimi naona jamaa kaonewa.

Nianze na hizo bunduki maana ndo msingi wa hadithi yote. Watu wanasema zilikuwa 3,000, safu tatu zinapokezana, hawa wanapiga wale wanashindilia baruti. Lakini Ota Gyuichi, aliyekuwa mtu wa Nobunaga mwenyewe na ndiye aliyeandika habari zake, anataja kama 1,000, ukiacha 500 zilizopelekwa kwingine, na kuna nakala ambayo herufi ya "tatu" imechomekwa pembeni ya mstari ili 1,000 isomeke 3,000. Safu za kupokezana hazimo kabisa kwake, zimekuja na waandishi wa baadae. Sasa 1,000 na 3,000 ni mbali sana jamani. Anayekimbilia bunduki 3,000 zisizopumzika huyo kweli kachanganyikiwa, ila 1,000 za kuwashwa kwa utambi, zinazochelewa kujazwa, tena mwezi wa sita ambao kule ni msimu wa mvua na utambi ukilowa umekwisha, hapo kamanda anaweza akapiga hesabu akaona inawezekana.

Na alichokiona ni nini? Gyuichi anasema Nobunaga aliwaficha watu wake 30,000 kwenye mabonde ili wasionekane. Katsuyori alikuwa na kama 15,000, mbele yake kuna kijito cha Rengo na nyuma ya kijito uzio wa magogo, adui kajifungia hasogei, ukimtazama unaona mtu anaogopa. Halafu usiku wa kuamkia vita Sakai Tadatsugu, mtu wa Tokugawa Ieyasu mshirika wa Nobunaga, akazunguka milimani na zile bunduki 500, alfajiri akavamia kambi ya Katsuyori ya Tobigasu, akamuua baba mdogo wa Katsuyori, Nobuzane, na njia ya nyuma ikazibwa. Hili mnaliruka kila siku! Kulipokucha huyu mtu alikuwa katikati, ngome ya Nagashino aliyokuwa kaizingira haijaanguka na sasa imeshapata msaada, mbele kuna uzio, na kugeuza jeshi zima mgongo mchana kweupe ni kuchinjwa njiani.

Tena watu wake walipigana toka jua linachomoza mpaka saa nane mchana, kundi baada ya kundi, jemadari wake Yamagata Masakage akiwa wa kwanza, wanavuka tope la mashamba ya mpunga, wanapanda ukingo wa kijito, wanang'ang'ana na magogo wayang'oe. Upumbavu wa dakika kumi hauendi masaa yote hayo.

Wanaomlaumu wana hoja pia, siwezi kuificha. Inasimuliwa kuwa wazee wa baba yake walimshauri arudi kwao Kai kabla hajabanwa, na siku mbili tatu za nyuma nafasi ilikuwepo. Hasara nayo haielezeki, majemadari Yamagata, Baba Nobuharu (Baba hapa ni jina la ukoo), Naito, ndugu wawili wa ukoo wa Sanada, wote siku moja, watu wa kujenga miaka 20 na zaidi. Nobuharu alibaki nyuma kumzuia adui ili wengine warudi, mpaka Katsuyori akapona, akafia hapohapo.

Ila mnaosema ukoo uliishia pale angalieni tarehe. Katsuyori alidumu miaka saba baada ya hapo, na mwaka mmoja kabla ya Nagashino alikuwa kaiteka Takatenjin, ngome iliyomshinda hata Shingen. Kilichommaliza ni kuingilia ugomvi wa urithi wa ukoo wa Uesugi 1578 akavunja urafiki na ukoo wa Hojo, halafu 1581 akawaacha watu wake wa Takatenjin wazingirwe mpaka wakaangamia bila kuwapelekea msaada. Baada ya hapo nani angemfia? 1582 Nobunaga alipoingia, mabwana wake wakamkimbia mmoja mmoja, akabaki na watu wachache mlimani Tenmoku. Ukitaka kumlaumu, mlaumu kwa Takatenjin.