Otomatiki au manyuali? Kwa Dar foleni ishajibu nusu ya swali

Ubishi wa otomatiki na manyuali hapa mjini hauishi, na kuna wanaoufunga kwa kusema otomatiki ni gari la wanawake, maneno hayo hayana kichwa wala miguu. Kiukweli wengi wetu wala hatukuchagua. IST, Vitz, Passo tunazoagiza zimetembea Japani kwanza, na wenzetu kule walishahamia otomatiki zamani, tangu 1991 wana mpaka leseni ya otomatiki peke yake. Ukitaka IST ya manyuali utaitafuta mpaka uchoke, na siku ya kuiuza unaanza upya kumsaka mteja.

Halafu foleni. Kimara mpaka Ubungo asubuhi unakanyaga klachi, gari linasogea hatua mbili, unakanyaga tena, mguu wa kushoto unakufa ganzi na pleti ya klachi nayo inaisha kabla ya muda wake. Hapo otomatiki inashinda, sioni cha kubishania.

Ila watu wa manyuali wana hoja. Betri ikifa mnasukuma, unaweka namba mbili, unaachia klachi, linawaka. Otomatiki hapo utafute mtu mwenye kebo. Na likizima njiani ndo balaa, mtu anafunga kamba analivuta toka Mbezi mpaka Gerezani matairi yote yako chini, wakati otomatiki nyingi pampu ya giaboksi inazungushwa na injini, injini ikizima oili haitembei na vyuma vya ndani vinasagana vikavu. Gari linafika gereji na ugonjwa mwingine kabisa, lawama zinaenda kwa Mjapani!

Hata huo usemi kwamba giaboksi za otomatiki hazidumu, mara nyingi tatizo ni oili. Za CVT, yaani otomatiki zinazotumia mkanda badala ya gia za kawaida, zina oili yake, ukimwaga ATF, ile oili ya otomatiki ya kawaida, umeiua mwenyewe. Kama unanunua otomatiki ya kawaida kwa mtu na giaboksi ina dipstiki, ichomoe, ifute kwenye tishu nyeupe, ikiwa nyekundu safi endelea na mazungumzo, ikiwa nyeusi na inanuka kuungua achana nalo hata kama bei ni tamu.

Mafuta zamani manyuali ilikula kidogo, CVT imepunguza sana hiyo tofauti.

Kinachoniumiza zaidi ni milimani. Watu wanashuka Kitonga na D, mguu kwenye breki mwanzo mwisho mpaka breki zinanuka, na otomatiki nyingi zina 2 na L hapo hapo kwenye leva, kazi yake ndo hiyo, injini ilishike gari. Manyuali inakulazimisha ujue kushuka na gia, otomatiki inakuacha usahau.

Mimi mtu wa kuzunguka Mwenge, Posta na Tegeta namwambia achukue otomatiki na atenge hela ya oili sahihi. Mwenye shamba huko Kilosa abaki na manyuali yake, fundi wa klachi atampata karibu, ila kumpata wa giaboksi ya otomatiki anaweza kujikuta analipakia gari kulirudisha Dar.