Tangi la samaki: kutoboa kioo au kuning'iniza mrija?

Mfugaji wa samaki wa urembo akitaka kuhamishia vichujio kwenye tangi la pili lililo chini, hana budi kuamua maji yatashukaje. Wapo wanaotoboa kioo. Wengine hawathubutu, wanapitisha mrija wa kufyonza juu ya ukingo.

Hofu yao ina msingi. Kioo kilichopashwa moto na kupozwa ghafla ili kiwe kigumu hakitoboki kabisa: drili ikikigusa, chote kinasambaratika. Matangi mengi ya kiwandani yana kioo hicho, hasa kwenye kitako. Hata kioo cha kawaida huingia ufa tundu likikaribia mno ukingo. Acha angalau nafasi inayolingana na upana wa tundu lenyewe.

Lakini mrija nao hufanya kazi ukiwa umejaa maji tu. Viputo vya hewa vikijikusanya juu yake, maji yanaacha kushuka huku pampu ya chini ikiendelea kuyapandisha. Umeme ukikatika usiku na kurudi watu wamelala, mnaamkia sebule iliyofurika. Tundu halina hatari hiyo, kwani maji yakifika usawa wake yanashuka yenyewe. Kinachoweza kuliziba ni konokono au jani, ndiyo maana ni vizuri kutoboa la pili la akiba, juu kidogo.

Mimi niko upande wa tundu, ila si kwenye tangi lenye samaki tayari. Kwa anayeagiza tangi kwa fundi vioo, kioo kitobolewe kabla ya kugundishwa kwa silikoni. Kikipasuka, umepoteza kipande kimoja, si tangi zima. Tumia kikombe cha kutobolea chenye chembe za almasi na drili ya betri, maana maji lazima yamiminike muda wote kupoza kioo na kuzuia vumbi lake, ambalo ni baya kwa mapafu. Zungusha polepole, na ukikaribia kutokeza usikandamize hata kidogo. Upande wa pili ndipo kioo hubanduka.

Halafu piga hesabu ya tangi la chini. Tangi la juu la sentimita 100 kwa 40, lenye maji yaliyosimama sentimita 3 juu ya usawa wa tundu, litashusha lita 12 pampu ikizimika. Nafasi ya lita hizo iwepo kabla hujafungua maji.