Kaimu Mkurugenzi na Punda Wake

Kampuni yetu ilipokuwa na nyumba moja ya wageni Mkomani, hapa Lamu, na mashua moja ya kwenda Mokowe upande wa bara, idhini ilikuwa ya mdomo. Ukitaka chokaa, unamngoja Mkurugenzi atoke msikitini baada ya Isha, unamwambia, anatikisa kichwa, mambo yamekwisha. Kisha tukapata nyumba ya pili, tukafika hadi Shela, tukaanza na kukarabati majumba ya mawe ya watu. Idhini ikahamia kwenye barua pepe, na balaa likahamia nayo.

Fundi anaandika kuomba boriti. Barua inakuja kwangu, inakwenda kwa Mhasibu Mkuu, inarudi kuulizwa bei, inapanda kwa Mkurugenzi, naye anajibu "Sawa" juu ya barua nyingine kabisa, ile ya mashuka. Sawa ya boriti au ya mashuka? Mhasibu analipa vyote viwili, asije akalaumiwa. Siku moja mwenye duka alilipwa kwa orodha ya bei ya zamani, akaja kutusuta hadharani Usita wa Mui, njia kuu ya mji, watu wakasimamisha hata mikokoteni kusikiliza. Na ukiuliza nani aliyeidhinisha, kila mtu anafungua simu yake na kupekua, mpaka adhana inatuokoa.

Ndipo akaletwa kijana wa kompyuta kutoka Mombasa kututengenezea mfumo. Hakuna tena barua pepe: unajaza fomu kwenye simu, ombi linajipeleka lenyewe. Chini ya shilingi 5,000 linaishia kwa msimamizi wa nyumba. Hadi 20,000 ni la Mhasibu. Zaidi ya hapo, Mkurugenzi. Asiyejibu kwa saa 24, simu yake inalia. Kila aliyekubali au kukataa, jina lake na saa yake zinaandikwa, hakuna kuruka. Nami nasema bila unafiki: mfumo ulikuwa mzuri. Boriti zilipata sawa yake, mashuka yakapata yake.

Basi Mkurugenzi akanuia Umra. Mfumo una mahali pa kukabidhi madaraka ukisafiri: unafungua orodha ya wafanyakazi, unamgusa kaimu wako, unaondoka na amani. Sasa, Mhasibu Mkuu wetu na mzee wetu wa punda wana jina moja, na baba zao pia wana jina moja. Silitaji jina lenyewe. Ukiliita pale uwanja wa Mkunguni baada ya Alasiri watageuka watu wanane. Mzee wa punda alikuwamo kwenye orodha kwa sababu mizigo yote inayoshuka gatini yeye ndiye anayeibeba, na ndiye anayebonyeza "Imepokewa". Mkurugenzi, miwani iko mfukoni na mashua yamngoja kumvusha uwanja wa ndege Manda, akagusa jina la kwanza aliloliona.

Sote tulipata ujumbe: idhini za Mkurugenzi zitashughulikiwa na fulani bin fulani. Tukampongeza Mhasibu. Mhasibu naye akapokea pongezi, akatoa kanzu mpya, akakaa ofisini kungoja maombi ya Mkurugenzi. Hayakuja. Akatuambia watu sasa wamepata adabu ya matumizi.

Wakati huo pampu ya maji ya nyumba ya Shela ilikuwa imekata roho, na wageni wa Uholanzi wamo njiani. Nikajaza fomu: pampu mpya, shilingi 42,000, dharura. Jibu likaja alfajiri: "Imekataliwa. Ya zamani ina nini?"

Nikampigia Mhasibu kwa hasira. "Bwana, wageni wataoga kwa nini? Mate?"

"Wageni gani?" akauliza. "Pampu gani?"

Tukafungua mfumo pamoja, tukabonyeza jina la aliyekataa. Picha ikatokea: mzee wa punda, na nyuma yake sikio moja la punda.

Nilimkuta nyuma ya gati, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, miwani imefungwa kwa uzi, shogi tupu la mizigo ya punda miguuni, simu mkononi. Mbele yangu palikuwa na foleni. Nahodha alikuwapo. Fundi alikuwapo. Mpishi alikuwapo, na sahani ya mahamri ambayo bila shaka haikuwa rushwa.

"Nahodha," mzee alikuwa akisema, "waomba petroli ya wiki nzima. Mashua yako imefungwa hapa tangu Jumamosi, kusi lavuma. Hunywa petroli ikiwa imelala?"

Nahodha akatazama bahari.

"Nawe fundi. Mifuko ya saruji kwa ukuta wa matumbawe? Ukuta ule wataka chokaa, upumue. Saruji itafungia unyevu ndani, chumvi ipasue lipu yote. Tena mifuko niliyokubebea mwezi uliopita umeificha chini ya ngazi, na turubai juu. Nimeiona."

Mfumo, kwa elimu yake yote, ungepitisha ombi lile: lilikuwa ndani ya bajeti, fomu imejazwa, bei imeambatishwa. Turubai halikuwa na kisanduku chake.

Zamu yangu ikafika. "Ami," nikaanza kwa adabu zangu zote, "ile pampu imekufa."

"Njoo hapa, mwanangu. Pampu ile niliibeba mimi. Tulikuwa twangoja maji yajae, nikasoma katoni lote, sikuwa na gazeti. Ina dhamana ya mwaka mmoja, na mwaka haujesha. Irudishe kwa aliyekuuzia."

"Ami, hiyo ni safari ya Mombasa! Wageni wanafika kesho!"

"Maji nitakuletea." Akabonyeza simu, akajaza ombi la mitungi ya maji kwa punda, akaliidhinisha yeye mwenyewe, na alipokuja kushusha mitungi Shela akabonyeza "Imepokewa". Punda ni wake, malipo ni kwa safari. Mhasibu alipoona hayo kwenye mfumo alishika kichwa. Ndiyo maana wenye kazi yao husema anayeomba, anayeidhinisha na anayepokea wasiwe mtu mmoja. Huyu alikuwa wote watatu, na msafirishaji juu yake.

"Mtoe!" Mhasibu akampigia kijana wa Mombasa. "Mtoe sasa hivi!"

Kijana akaeleza kwa upole kwamba kubadilisha kaimu wa Mkurugenzi kunahitaji idhini ya Mkurugenzi. Ombi likapelekwa. Mfumo ukalipokea, ukatazama nani anakaimu, ukalituma gatini.

"Imekataliwa," simu zetu zikasema. "Amana hairudishwi ila kwa mwenyewe."

Na mwenyewe alikuwa Makka, simu ya kazi ameiacha kwa mkewe ili atufu Kaaba kwa utulivu. Mkewe tulipomweleza alicheka mpaka akakaa chini, akakataa kumsumbua.

Mhasibu alivumilia mpaka mota ya mashua ya pili ilipohitaji kipuri. Nilimwona kwa macho yangu: kanzu nyeupe ameishika isiguse kinyesi, udi unanukia mpaka punda wanapiga chafya, anasema, "Ami yangu mpenzi, habari za asubuhi." Mtu ambaye siku zote humwita "wee wa punda". Alingojeshwa kidogo. Si sana. Kipuri kiliidhinishwa, maana mzee aliisikia ile mota ikikohoa tangu Maulidi.

Wageni wa Uholanzi, kwa taarifa yenu, walioga maji ya punda kwa furaha. Walimpiga picha punda, wakampiga mzee, wakaniuliza kama huduma hii ipo mwaka mzima. Nikasema ipo kwa kuweka nafasi mapema.

Mkurugenzi aliporudi na zamzam yake, kijana alipanda basi kutoka Mombasa, wakafungua kumbukumbu zote. Kila kitu kilikuwamo: nani, lini, na maoni. Mkurugenzi akasoma kwa sauti, akifika kwa nahodha na petroli anasimama, anavuta pumzi. Kijana akarekebisha: madaraka sasa yanakabidhiwa kwa cheo, si kwa jina, na mtu hawezi kuidhinisha ombi lake mwenyewe. Mhasibu akarudishiwa ukaimu wake na kanzu yake.

Lakini Mkurugenzi akaongeza hatua moja mpya. Ombi lolote la kitu kinachobebwa, kabla halijafika kwa mwenye kuidhinisha, lipite kwanza kwa mzee wa punda aseme kama kile cha zamani kimekwisha kweli.

Juzi nimeomba mkopo mdogo wa mshahara kwa ajili ya Idi. Sikutia maanani kwamba kwenye sababu niliandika "kununua kabati". Ombi limesimama. Chini yake pana maoni: "Kabati la mama yako nililibeba mimi, lina nafasi. Njoo tuzungumze, na uje na pumba."