Senti mbili katika kila dola 100

Ukikulia Dar es Salaam, X nyekundu ukutani haihitaji maelezo. Unaamka asubuhi unakuta wameshapita na rangi, na kuanzia hapo unaanza kuhesabu siku. Waliokuwa Kimara mwaka 2017, Barabara ya Morogoro ilipokuwa inapanuliwa, wanajua ninachosema. Ndiyo maana wiki yangu ya kwanza Albany, mji mkuu wa jimbo la New York, nilipopita West Hill na kuona vibao vyekundu vyenye X nyeupe vimepigiliwa misumari kwenye nyumba moja, ya pili, ya nne, nilijua barabara inakuja. Nikamuuliza mwenyeji wangu hawa watu watahamia wapi. Akaniambia humo hamna watu. X ile ni ya wazima moto: nyumba ni tupu, imechoka, msiingie bila tahadhari.

Miaka imepita, nimezoea mengi ya huku, ila vibao vile sijavizoea. Kazi yangu ya pembeni ni ukalimani, na wengi ninaowatafsiria ni Wakongo waliopitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma. Siku moja natembea na mama mmoja mzaliwa wa Uvira, tunatoka kupeleka fomu zake. Akasimama mbele ya nyumba ya ghorofa mbili, ngazi za mbao zimeng'oka, kibao kiko juu ya mlango, mti umeota kwenye mfereji wa bati. Akaitazama kwa muda. "Mwanangu," akasema, "hizi nyumba zote zimelala hivi, na sisi tunatafuta pa kulala?"

Sikuwa na jibu la kumpa pale barabarani. Makala hii ni jaribio la kumjibu, na jibu lenyewe limo ndani ya bajeti ya jimbo.

Kwa wasomaji walio mbali: Marekani kila jimbo lina serikali yake, bunge lake na bajeti yake. New York mwaka wa fedha unaanza Aprili 1. Gavana, ambaye sasa ni Kathy Hochul, huwasilisha mapendekezo yake Januari. Machi, Seneti na Assembly hujibu, kila moja ikitoa mapendekezo yake. Baada ya hapo gavana na viongozi wa mabunge hayo mawili hujifungia kukubaliana. Bajeti ya mwaka 2025 ilichelewa mpaka Mei, na ilipotoka ilikuwa dola bilioni 254. Katiba ya jimbo humpa gavana nguvu kubwa sana katika zoezi hili, hivyo jambo ambalo hakuliweka mwenyewe Januari huwa na mlima wa kupanda.

Sasa ukishuka kutoka West Hill kwa basi la Central Avenue hadi Capitol, jengo la bunge, utakuta upande wa kusini uwanja mkubwa wa marumaru, Empire State Plaza, wenye mnara na majengo ya ofisi yaliyopangwa mstari. Wageni hupiga picha. Mimi kila nikipita pale nafikiria jikoni za watu. Mwaka 1962, enzi za Gavana Nelson Rockefeller, serikali ilitwaa ekari 98 za mtaa ule, karibu vitalu 40 vya nyumba. Walikuwa wanaishi pale Waitaliano, Wayahudi, Weusi waliotoka kusini mwa nchi, wapangaji wa vyumba, wenye maduka ya mkate. Watu zaidi ya 7,000 waliondolewa. Ilikuwa bomoabomoa kama bomoabomoa nyingine yoyote, na waliiita kuhuisha mji. Ukifika Syracuse utasikia habari hiyohiyo: barabara kuu ya I-81 ilipitishwa miaka ya 1960 juu ya mtaa wa 15th Ward, uliokuwa wa Weusi, na leo jimbo linatumia pesa nyingi kuibomoa barabara yenyewe.

Nayasema haya kwa sababu idara ya nyumba ya jimbo, mpaka leo, ina maneno "kuhuisha jamii" ndani ya jina lake. Si neno baya. Lakini kila bajeti inapokuja na neno hilo nataka nijue anayehuishwa ni nani, maana mara ya kwanza waliohuishwa ni mawe.

Nisieleweke vibaya, pesa zimetengwa. Bajeti ya mwaka 2022 ilikuja na mpango wa miaka mitano wa dola bilioni 25, lengo nyumba nafuu 100,000, zikiwemo 10,000 za watu wanaohitaji na huduma pamoja na paa. Kabla yake ulikuwepo mpango mwingine wa miaka mitano, wa bilioni 20. Mwaka 2024 ziliongezwa milioni 500 za kujenga kwenye ardhi ya jimbo lenyewe. Januari 2023 gavana alitaka kila mji na kitongoji kiongeze idadi fulani ya nyumba kila baada ya miaka mitatu, ili jimbo lifikishe nyumba 800,000 ndani ya miaka kumi. Wakubwa wa vitongoji vya Long Island na Westchester wakapinga, na pendekezo likafia bungeni. Niliumia. Mtu mwenye bustani ya nusu ekari anapokataa jengo la vyumba kumi karibu na kituo cha treni, anayelipa ni mtu wa Bronx, ndani ya jiji la New York, anayegombania chumba na wenzake mia.

Kwa hiyo kujenga nakuunga mkono kwa moyo wote. Shida yangu ni hilo neno "nafuu".

Mdogo wangu yuko Bronx na watoto wawili. Anahudumia wazee majumbani, kazi ambayo nusu ya Waafrika Mashariki ninaowajua New York waliianzia. Mwaka 2025 kima cha chini cha kazi hiyo mjini kilikuwa dola 19.10 kwa saa. Akipata saa 40 kila wiki, wiki zote 52, bila kuugua na bila mtoto kuugua, ni dola 39,728 kwa mwaka. Kanuni ya kawaida ya huku ni kwamba kodi ya nyumba isizidi asilimia 30 ya kipato. Kwake hiyo ni dola 993 kwa mwezi.

Nyumba "nafuu" hazipangwi bei kwa kuangalia mshahara wake. Serikali kuu hukokotoa kila mwaka kipato cha kati cha eneo zima, na eneo hilo la New York City linachanganya hadi kaunti za pembeni zenye watu wa uwezo. Kwa familia ya watu watatu, mwaka 2025, kipato hicho kilikuwa dola 145,800. Nyumba nyingi zinazojengwa kwa ruzuku hulengwa kwa asilimia 60 ya hapo, yaani familia yenye dola 87,480. Kodi yake inakuja dola 2,187 kwa mwezi. Mdogo wangu hafikii hata asilimia 30 ya kipato hicho cha kati. Anafanya kazi kutwa, jengo jipya "nafuu" linainuka mbele ya dirisha lake, na hawezi kupanga humo hata akibahatika kushinda bahati nasibu ya maombi. Alishawahi kuomba, akarudishiwa jibu kwamba kipato chake ni kidogo mno kwa nyumba nafuu. Nilisoma barua ile mara tatu.

Uchunguzi wa jiji wa mwaka 2023 ulikuta nyumba tupu za kupanga ni asilimia 1.4 tu, kiwango cha chini kuliko wakati wowote tangu 1968. Zile za chini ya dola 1,100 hazikufika hata nusu ya asilimia moja. Na Juni 2024, orodha ya vocha za serikali kuu za kulipia kodi ilipofunguliwa New York City kwa mara ya kwanza tangu 2009, maombi zaidi ya 600,000 yaliingia ndani ya wiki moja. Waliowekwa kwenye orodha, kwa kura, ni 200,000. Na kuwa kwenye orodha bado si kupata vocha.

Hapa ndipo ninapotaka kusimama. Matofali peke yake hayamfikii mtu wa kipato cha mdogo wangu, kwa sababu hata jengo likijengwa kwa ruzuku, lina umeme, bima, mafundi na mkopo wa kulipa, na dola 993 hazitoshi. Lazima kuwe na pesa inayomfuata mpangaji mwenyewe: yeye alipe asilimia 30 yake, serikali ijazie. Wabunge kadhaa wa jimbo, wakiwemo Seneta Brian Kavanagh na Linda Rosenthal wa Assembly, wameipigania vocha hiyo ya jimbo kwa miaka. Ilikuwa inawalenga wasio na makazi na walio karibu kuyapoteza, na wanaharakati walisisitiza isimbague mtu kwa karatasi zake za uhamiaji, jambo ambalo kwa jamii yetu si dogo. Mabunge yaliomba dola milioni 250 kwa mwaka. Mwaka baada ya mwaka ilikatwa. Mwaka 2025 hatimaye ikapita, kama majaribio, kwa milioni 50.

Milioni 50 katika bilioni 254. Nimekaa na kikokotoo: ni senti mbili katika kila dola 100. Hata ombi kamili la milioni 250 lingekuwa senti kumi. Pengo la mdogo wangu, kati ya anachoweza kulipa na kodi ya ile nyumba "nafuu", ni dola 1,194 kwa mwezi. Kwa pengo la ukubwa huo, ukiacha gharama zote za kuendesha mpango, milioni 50 haziwafikii hata wapangaji 3,500 kwa mwaka, katika jimbo lenye watu zaidi ya milioni 19.

Lipo jambo moja ndani ya bajeti ya 2024 ambalo halikugharimu karibu chochote na limenifundisha sana. Ni sheria inayomzuia mwenye nyumba kumtoa mpangaji bila sababu ya msingi, na inayompa mpangaji pa kusimamia pale kodi inapopandishwa zaidi ya asilimia 5 kujumlisha mfumuko wa bei, au zaidi ya asilimia 10, ipi iliyo ndogo. New York City iliingizwa moja kwa moja. Miji mingine iliachiwa iamue, na Albany ikaamua kuingia mwaka huohuo.

Yule mama wa Uvira aliniletea barua jikoni kwangu. Alikuwa ameikunja vipande vinane. Kodi inatoka 1,200 kwenda 1,350, kuanzia mwezi ujao. Hilo ni asilimia 12.5. Mwenye nyumba ni kampuni yenye majengo mengi, kwa hiyo msamaha wa wenye nyumba wadogo haukumhusu. Wakili wa msaada wa kisheria akaandika ukurasa mmoja, mimi nikamsomea mama kwa Kiswahili kabla ya kutumwa, akataka nimrudie sehemu inayosema hawezi kutolewa kwa kulalamika. Nikarudia. Wakashuka hadi 1,290.

Alifurahi, nami nilifurahi. Kisha tukapiga hesabu. Alikuwa anasafisha vyumba hotelini kwa dola 15.50 kwa saa, kima cha chini cha upande huu wa jimbo mwaka 2025. Asilimia 30 ya mshahara wake ilikuwa dola 806. Sheria ilimlinda asifukuzwe, lakini bado kila mwezi alikuwa anatoa dola 484 zaidi ya uwezo wake, na hizo zilitoka kwenye chakula na kwenye pesa za kumtumia mama yake aliyebaki kambini. Vocha ndiyo ingeziba hapo.

Na zile nyumba zenye X? Jimbo lina sheria ya benki za ardhi tangu 2011, zinazochukua nyumba zilizotelekezwa na kuzirudisha kwa watu, na bajeti ya 2022 ilizipa milioni 50. Tangu hapo kila Januari zinasubiri kujua kama zimo. Fundi anayejua kazi hawezi kuajiriwa kwa kusubiri. Weka pesa ya uhakika ya miaka mitano kwenye benki za ardhi, weka vocha ya kumwezesha mtu kama huyu mama kulipia nyumba iliyokarabatiwa, na West Hill itajaa watu bila mtu yeyote kubomolewa.

Bajeti ya Januari 2026 ndiyo ya mwisho katika ile miaka mitano ya bilioni 25. Kinachofuata kinaanza kuandikwa sasa, na ndugu zetu wa Buffalo, Utica, Rochester, Syracuse na Bronx wana maseneta wanaopokea simu hata ya asiye raia, maana mwakilishi ni wa wakazi wote wa eneo lake. Ombi langu ni moja: vocha ipande hadi milioni 250, na iitwe ya kudumu.

Baada ya gavana kuwasilisha, kamati za bunge hufanya kikao cha wazi kuhusu nyumba, katika jengo lililo palepale kwenye ule uwanja wa marumaru. Wananchi hupewa dakika chache za kusema. Mama ameniuliza kama anaruhusiwa kusema kwa Kiswahili. Nimemwambia nitakaa pembeni yake nitafsiri. Barua yake, na alama zake zote za mikunjo, iko kwangu kwenye bahasha.