Mmeachana, Mnaishi Nyumba Moja: Uingereza Wanauliza Sufuria

Mbeya ndoa ikishindikana, mmoja anafungasha. Mwanamke anapanda Coaster kwenda kwao Tukuyu, au mwanamume anahamia chumba cha uani, na wiki hiyohiyo wazee wa pande mbili wameshaitana. Uingereza wengi hawana pa kwenda. Kodi ya nyumba ni kubwa, mkataba una majina ya wote wawili, kwa hiyo watu wanaachana na kubaki humohumo. Sheria ya benefiti, yaani fedha za msaada za serikali, inalitambua hilo. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunadhani kulala vyumba tofauti kunatosha.

Hakutoshi. Universal Credit, benefiti ya kila mwezi ya wenye kipato kidogo, inawahesabu wanandoa pamoja wakiwa kaya moja; kwa wasiofunga ndoa, inauliza kama wanaishi kama mke na mume. Afisa anaangalia mambo mengi kwa pamoja: malazi, mapishi, ufuaji, fedha, watoto, na jinsi majirani na ndugu wanavyowajua. Hakuna moja linaloamua peke yake.

Jikoni ndiko tunakoangukia. Dada ameripoti kwamba wameachana. Anaulizwa jana jioni walikula nini, naye anajibu kwa uaminifu: nilipika wali na maharage, nikamwachia wake kwenye sufuria. Kwa malezi ya Nyanda za Juu Kusini, kupika ukamnyima mtu aliyemo ndani ni roho ya kichawi. Kwa afisa, hiyo ni dalili ya kaya moja. Mimi naona hapo mfumo unaadhibu utu, na nitaendelea kusema hivyo, lakini fedha zinatoka kwao. Basi kila mtu awe na rafu yake kwenye friji, mfuko wake wa mchele, risiti zake na siku yake ya kufua. Akaunti ya pamoja ifungwe. Sehemu yako ya kodi na umeme ilipe kwa benki, ukiandika ni ya mwezi gani. Kumpikia mtoto hakuna shida. Ila baba akichota sufuria ya mtoto kila jioni, swali linarudi palepale.

Kuripoti kunafanyika mtandaoni kwenye akaunti ya madai, na kila mmoja anaripoti kwake. Andika tarehe mliyoachana, na eleza mlivyogawana nyumba. Usisubiri. Hesabu inakwenda kwa mwezi wa tathmini, yaani mwezi unaotumika kukokotoa malipo yako, na mabadiliko ya kukuongezea fedha ukiyaripoti mwezi huo umeshapita, kwa kawaida yanahesabiwa kuanzia mwezi ulioripoti tu. Mwaka wa fedha 2025/26 kiwango cha msingi cha mtu mmoja mwenye miaka 25 au zaidi kilikuwa pauni 400.14 kwa mwezi. Cha wawili pamoja kilikuwa 628.10, pungufu ya wawili hao wakilipwa kila mtu kivyake. Tofauti hiyo ndiyo inayowafanya wakague, maana wapo wanaoachana kwenye fomu tu. Ukilipwa zaidi unadaiwa, hata kama kosa lilikuwa lao. Fedha ya watoto inakwenda kwa mlezi mkuu mmoja. Kodi ya nyumba yenye majina mawili kwa kawaida inagawanywa nusu kwa nusu. Na ile punguzo la asilimia 25 ya kodi ya halmashauri usiiombe, ni ya nyumba yenye mtu mzima mmoja.

Wakikataa, una mwezi mmoja kuomba uamuzi uangaliwe upya, kisha kuna baraza la rufaa.

Nyumbani hakuna afisa wa kuuliza sufuria, kwa sababu hakuna fedha ya kumlipa mtu kwa kuwa ameachana. TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, nayo inahesabu kaya. Mwanamke wa Iringa au Mbeya kwa kawaida anapitia kwanza baraza la usuluhishi la ndoa, apate hati kwamba usuluhishi umeshindikana, ndipo aende mahakamani. Huko kazi zake za nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango kwenye mali, jambo lililokubaliwa katika kesi ya Bi Hawa Mohamed mwaka 1983. Ni haki nzuri, ila haimlishi wakati kesi inasubiri. England hakuna baraza wala mjomba wa kukusihi, na hata mkiwa bado mnapigana vikumbo kwenye korido, fedha ya mwezi inaingia kwa jina lako. Hapo nawapa maksi.

Walioko kwa viza ya mwenzi wasome hapa mara mbili. Viza hiyo kwa kawaida inakataza fedha za umma, na kuachana kunatakiwa kuripotiwa uhamiaji. Kudai Universal Credit ukiwa na katazo hilo ni kuvunja masharti ya viza. Ndoa ikiwa imevunjwa na ukatili, ipo ruhusa maalumu ya miezi 3 inayoondoa katazo; iombe hiyo kwanza, na fomu ya benefiti uijaze baada ya kuipata.